Tope la Taifa

Nchi hii si yetu. Nasema mapema, tena kwa sauti, asije mtu akanigongea mlango. Ni nchi ya mbali mno, hata ndege wanaohama hupita juu yake bila kutua, na mambo yake ni yake. Mimi nayaeleza kama nilivyoyasikia. Atakayeona yanafanana na ya mahali fulani, hayo ni macho yake, akayapime.

Basi katika nchi hiyo mto uitwao Mlagwe uliacha njia yake ukaingia kijiji cha Lugwesa. Ulibeba nyumba, ukabeba ng'ombe, ukabeba maghala yote ya mpunga, ukambeba na Wande, wifi yake Nyamizi, aliyekuwa amerudi ndani kumtoa mbuzi. Maji yalipopungua, mbuzi alikutwa juu ya paa la shule akitafuna bendera. Wande hakuonekana tena.

Huyu Nyamizi alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto akageuka. Tangu siku aliyoolewa Lugwesa alilima mpunga bega kwa bega na Wande, majaruba yao yakipakana, na hakukuwa na msimu hata mmoja aliolima peke yake. Sasa alibaki na huzuni yake na kibuyu cha mbegu. Kibuyu hicho alikuwa amekifunga mgongoni kama mtoto alipokimbilia mlimani, na ndiyo mbegu pekee ya mpunga iliyosalimika kijiji kizima. Kila mtu alilijua hilo. Mbegu ile ikiota, Lugwesa watakula. Isipoota, watatawanyika kila mtu na njia yake.

Na mto haukuondoka hivihivi. Uliacha tope jeusi, laini, linalong'aa, kutoka barabarani mpaka mguu wa mlima. Mpunga hauombi zaidi ya hapo. "Kesho asubuhi namwaga mbegu," Nyamizi alisema. Lakini kesho asubuhi Serikali ilifika.

Ilifika na magari mengi yenye taa za kuwakawaka, na katika gari la mbele alikuwemo Bwana Herimundi, Mkuu wa Maafa wa Jimbo, amevaa viatu vyeupe. Alishuka, akakanyaga, akazama mpaka magotini. Watu walishika vinywa. Yeye alicheka kwa furaha kama bwana harusi.

Lazima tumwelewe. Siku nyingi alikuwa akizunguka vijijini kutafuta maafa ya kueleweka. Mahali pengine maji yalikauka mapema kwa utovu wa nidhamu. Kwingine wananchi walikuwa wameshaanza kujijengea bila kuomba ruhusa, wakaharibu kila kitu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma, bado kazama. "Nimeona maafa ya kila namna katika jimbo hili. Nimeona maafa madogomadogo, nimeona maafa ya ubabaishaji. Lakini haya yenu, jamani, haya ni maafa yenye hadhi! Kuanzia sasa Lugwesa ni Kijiji cha Maafa cha Taifa. Makofi!"

Watu wakapiga makofi. Mikono ilikwishazoea, haikusubiri kuulizwa.

Akaeleza kwamba Mlezi Mkuu wa Nchi atakuja mwenyewe kutoa pole, akifuatana na marafiki kutoka nchi za nje, watu wenye huruma nyingi na mifuko mirefu. Marafiki hao wakiliona tope watatoa. Wasipoliona watatoa vipi? Kwa hiyo tope lisiguswe, lisichimbwe, lisipitiwe hata na kuku, mpaka ugeni uje. Vijana wake wakazungusha utepe mwekundu na mweupe tope zima, kazi nzuri sana, imenyooka.

Nyamizi akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, tunapanda lini?"

"Mkishajengewa upya maisha yenu, mama."

"Maisha yetu ni mpunga. Na mpunga unalitaka hilo tope kabla halijakauka."

"Mama, unalizungumzia tope la Taifa kana kwamba ni shamba lako."

"Ni shamba langu."

"Lilikuwa," Bwana Herimundi alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Shamba lako liko chini, hakuna aliyeligusa, lipo salama kabisa. Hili la juu limeletwa na maafa, na maafa yako chini ya ofisi yangu."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masanilo, alitikisa kichwa kwa kuafiki. Alikuwa hajaelewa, ila alikuwa mwenyekiti kwa miaka mingi na alijua wakati wa kutikisa kichwa. Nyamizi akamtazama mpaka kichwa kikatulia.

Walihamishiwa katika madarasa ya shule, wakangoja. Ugeni ukaahirishwa. Mlezi Mkuu alikuwa na mafua. Kisha ukaahirishwa tena, maana mafua yalikwisha na ikabidi yafanyiwe sherehe. Katika kungoja huko Serikali haikukaa bure. Ilimleta Afisa Utamaduni kuwafundisha wananchi kulia.

Msicheke. Nchi ile hufanya mambo kwa utaratibu. Huyo Afisa, bibi mwembamba mwenye filimbi shingoni, aliwapanga wanawake kwa urefu. Akipuliza mara moja, waanze kwikwi. Akipuliza tena, mikono juu. Akipuliza kwa mfululizo, wajibwage topeni na kugaagaa, kwa ruhusa maalumu ya ofisi. Wanaume walitakiwa kusimama nyuma wakiwa wameshika tama, wasitabasamu, na aliyekuwa na kitambi alifichwa darasa la pili. Nyamizi, kwa sauti yake ile, aliteuliwa Kiongozi wa Kilio.

Alasiri moja, mazoezi hayajaanza, Nyamizi alisimama kwenye utepe akatazama mahali ilipokuwa nyumba ya Wande. Palikuwa na kizingiti tu, kimejitokeza topeni. Pale ndipo walipokuwa wakikaa kupeta, wakisengenya kijiji kizima na kucheka mpaka ungo unaanguka. Kilio kikamjia bila kubisha hodi. Alikaa chini, akamlilia wifi yake kwa jina, akamlilia kwa sauti iliyowanyamazisha hata askari mgambo waliokuwa wakicheza bao kando ya gari.

Afisa Utamaduni alimjia mbio. Alimgusa bega. "Mama, vizuri sana! Vizuri mno! Ila umewahi. Hifadhi hicho hicho, usikimalize. Na siku yenyewe ulie umeelekea jukwaani, maana hapo mgeni angeona mgongo tu."

Nyamizi alinyanyua uso. Hasira ilimpanda; angekuwa na mchi siku ile, habari ingekuwa nyingine. Alijifuta na ncha ya kanga, akaenda zake darasani, akakishusha kibuyu, akamimina mbegu yote ndani ya mtungi wa maji. Ukisikia mkulima wa mpunga ameloweka mbegu yake, ujue hana tena habari ya kurudi nyuma: mbegu iliyoanza kuchomoza ama imwagwe topeni ama ioze.

Wakati huo huo balaa jingine likaizukia Serikali. Tope lilianza kukauka. Lilipasukapasuka huku Bwana Herimundi akilitazama kwa uchungu wa mzazi. "Tutamwonyesha nini Mlezi Mkuu? Vumbi? Vumbi ni la ukame, na ukame uko ofisi nyingine!" Akapiga simu, akapiga simu nyingine, na siku iliyofuata likaja gari la zimamoto kutoka makao makuu ya jimbo. Gari hilo halikuwahi kufika kuzima moto wowote katika wilaya ile, hata soko lilipoteketea. Sasa likawa linakuja kila asubuhi kumwagilia maafa.

Loo, tope lile likarudi kunawiri! Nyamizi aliliona kutoka dirishani akashika kiuno. Ardhi yenye rutuba, maji ya kila siku, tena mlinzi wa kufukuza kuku. Tangu azaliwe hajaona Serikali inahudumia kitalu namna ile.

Jioni ya mazoezi alifunga kanga mbili. Ndani ya mkunjo wa ile ya chini alikuwa amebeba mbegu, imechomoza vijino vyeupe. Filimbi ya kwanza, akaanza kwikwi. Filimbi ya pili, mikono ikaenda juu, na mikono ile haikwenda mitupu. "Uuuwi, Wande wangu!" akalia, akirusha kulia. "Uuuwi, umeniacha na nani!" akirusha kushoto. Alitembea topeni kwa mistari, huku na huko, akiomboleza na kumwaga, akimwaga na kuomboleza, na alichokuwa akikililia kilikuwa kweli tupu. Wanawake wenzake waliona mbegu zinavyoruka. Si mmoja wala wawili walioelewa, wote walielewa. Walijipanga kumzunguka wakalia kwa nguvu mpya, mikono hewani, ili mikono yake isionekane peke yake.

"Mtazameni Kiongozi wenu!" Afisa Utamaduni alipiga kelele, machozi yakimlengalenga. "Mnaiona hiyo mikono? Hiyo ndiyo sanaa!"

Bwana Herimundi mwenyewe alisimama akapiga makofi.

Ugeni uliahirishwa tena na tena, na kila ulivyoahirishwa Nyamizi alishukuru kimoyomoyo. Gari la zimamoto lilikuja, likamwaga, likaenda. Mpaka asubuhi moja Mkuu wa Maafa aliamka, akafungua dirisha la hema lake, akapiga yowe. Kipande kizima cha tope kando ya barabara kilikuwa kijani kibichi, kimesongamana kama nywele za mtoto.

"Maafa yameota!" alipiga kelele. "Masanilo! Maafa yameota! Na Mlezi Mkuu anakuja keshokutwa, safari hii kwa hakika!"

Kikao cha dharura kikaitishwa hapo hapo. Wataalamu watatu waliletwa kwa gari. Mmoja alisema ni majani ya kawaida yanayofuata mafuriko. Mwingine alisema ni hujuma. Wa tatu aliomba posho kwanza. Bwana Herimundi hakutaka kusikia nasaba ya majani yale, alitaka yasionekane.

"Fyekeni!" aliamuru. "Fyekeni yote, sasa hivi!"

Mgambo wakatoa mafyekeo. Miche ile ilikuwa imefika kimo chenyewe, kimo cha kung'olewa na kupandikizwa, na ikikatwa leo hakuna mbegu nyingine Lugwesa, hakuna kibuyu kingine, hakuna kitu. Nyamizi alikuwa na nafasi ya neno moja. Alipiga moyo konde akasogea mbele.

"Mheshimiwa, fyeka," alisema. "Wewe fyeka tu. Ila umesema mgeni ni keshokutwa?"

"Keshokutwa."

"Basi hapo atakuta jani limerudi. Hili halisikii fyekeo. Ukilikata leo, kesho linachungulia, keshokutwa linampungia mgeni mkono."

Mkuu wa Maafa akageuka kwa wataalamu. Wataalamu wakatazama mbali.

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Ling'olewe na mizizi yake. Moja moja, taratibu, mizizi isikatike. Ikikatika ardhini ndiyo basi tena."

"Mmesikia hiyo?" Bwana Herimundi aliwafokea mgambo. "Moja moja! Taratibu! Atakayekata mzizi mmoja nitamfukuza kazi!"

"Na likishang'olewa, baba," Nyamizi aliendelea kwa adabu, "lisiachwe karibu. Lipelekwe kule bondeni nyuma ya shule, huko maji ya gari yanakotuama. Huko mgeni hafiki."

"Lorini!" alisema Bwana Herimundi. "Wekeni lorini!"

Jamani, Lugwesa haijapata kuona siku kama ile! Kung'oa miche ni kazi ya kuvunja kiuno, na kupandikiza ni kazi ya kukimaliza kilichovunjika; mwanamke mmoja na wifi yake huifanya kwa majuma. Siku ile waliifanya wanakijiji wote, mgambo kikosi kizima, na dereva wa Serikali akipeleka mafungu kwa lori la Serikali. Wanawake wakaanza nyimbo za kupandikiza bila hata kujua kama wameanza. Mwenyekiti Masanilo aliingia majini na suruali yake ya vikao.

Kule bondeni mgambo mmoja, kijana wa mjini, alisimama akajikuna. "Mama, tumeambiwa tutupe. Mbona nyie mnachomeka mmoja mmoja, tena kwa mstari?"

"Sisi hatutupi ovyo," alijibiwa. "Serikali imetufundisha usafi."

Akaona ni jibu zuri, akainama akachomeka wa kwake.

Mlezi Mkuu akaja. Tope lilikuwa jeusi, tupu, limesafishwa mpaka linang'aa, na filimbi zililia kwa wakati. Marafiki wa nje walitoa vitambaa wakajifuta macho. Mlezi Mkuu aliguswa hata akaagiza achotewe tope kidogo katika chupa ya kioo, liwekwe Ikulu.

"Wananchi wa Lugwesa," alisema jukwaani, chini ya mwavuli, "nyinyi mmepoteza nyumba. Mimi nimepoteza usingizi. Hivyo tumepoteza sote. Lakini sitawaacha! Nimeamua kwamba hapa hapa, juu ya tope hili, itajengwa sanamu ya tope hili." Marafiki wa nje waliahidi kuichangia hapo hapo. Kuhusu mbegu na majembe alisema wataalamu wanalifanyia kazi.

Mambo yangeishia hapo, na ningekaa kimya nikanywa uji wangu. Lakini Mlezi Mkuu aliondoka kwa helikopta, na helikopta haikuambiwa isipite nyuma ya shule. Akatazama chini. Akaona bonde la mpunga, mistari imenyooka.

"Kile cha kijani ni nini?"

Bwana Herimundi, aliyekuwa amekaa nyuma yake na kumwaga jasho, alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani. "Hayo, Mheshimiwa, ni matunda ya mpango wako wa kujenga upya maisha ya wananchi."

"Nilikuwa na mpango?"

"Mkubwa sana, Mheshimiwa."

Mlezi Mkuu akatabasamu. Kufikia jioni mpunga ule ulikuwa Mpunga wa Taifa. Utepe ukaondolewa topeni ukazungushwa bondeni, Bwana Herimundi akapandishwa cheo kuwa Mkuu wa Mafanikio, na tangazo likasomwa kwamba hakuna ruhusa ya kuvuna hata shuke moja mpaka Mlezi Mkuu arudi kuyazindua mavuno.

Mpunga hausomi matangazo. Ulikua, ukachanua, ukainama kwa uzito. Watu walikuwa wakila mboga za mwituni na mizizi ya kuchemsha, na watoto wamebaki macho. Mlezi Mkuu alikuwa nje ya nchi akipokea nishani ya kupambana na maafa. Alipotarajiwa kurudi, kamati ya uzinduzi ikakosana juu ya rangi ya mundu atakaoushika. Mpunga ukawa wa dhahabu, kisha ukapita dhahabu, ukaanza kudondosha punje. Kwelea kwelea walishuka makundi kwa makundi wakila tangu alfajiri, nao hawakuzuiwa, maana tangazo liliwataja wananchi tu.

Nyamizi alisimama kwenye utepe asubuhi moja akawatazama ndege wale wakila jasho lake, wakila jina la Wande, wakila watoto wa Lugwesa. "Sasa basi," alisema. Hakusema kwa sauti yake ile kubwa. Akauinua utepe, akapita chini yake, akaanza kukata.

Mkuu wa Mafanikio alikuja akikimbia, viatu vyeupe mkononi. "Mama! Weka chini huo mundu! Mavuno hayajazinduliwa!"

"Yazindue wewe, baba. Mimi navuna."

"Unaharibu mafanikio!"

"Naharibu, ndiyo. Nisogelee basi."

Hakusogea. Nyuma ya Nyamizi wanawake walikuwa wanaingia na visu vya jikoni, wanaume na mapanga, mzee Masanilo na magunia. "Mgambo!" Mkuu wa Mafanikio alipiga kelele. "Mgambo, zuia!"

Mgambo walitazamana. Posho yao ya kung'oa miche ilikuwa bado inafanyiwa kazi na wataalamu, na kiuno cha siku ile walikuwa wanakikumbuka. Yule kijana wa mjini akavua buti, akaziweka vizuri kando, akauliza ni mstari gani haujaanzwa. Wenzake wakamfuata. Mkuu wa Mafanikio alibaki peke yake nje ya utepe, akiulinda.

Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, Lugwesa nzima ilikuwa imeketi mbele ya shule, masufuria mekoni, watoto wakipuliza vidole kwa pupa ya wali wa moto. Mbegu ya msimu ujao ilikuwa imetengwa kwanza, Nyamizi hakukubali mtu aonje kabla ya hapo. Mtu akafungua redio.

"Hii ni taarifa ya habari," redio ilisema kwa sauti ya msiba. "Kijiji cha Lugwesa kimekumbwa na maafa ya pili katika mwaka mmoja. Mpunga wote wa Serikali umevamiwa na wananchi na kuliwa. Mlezi Mkuu wa Nchi ameelezea kusikitishwa kwake, ameipa pole Serikali, na amewaomba marafiki wa nje kuichangia Serikali ili iweze kujenga upya maisha yake."

Watu wote wakamgeukia Nyamizi. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, mdomo umejaa, akameza.

"Maskini Serikali," alisema. "Ipoe."

Akavuta sufuria, akajipakulia tena.